Mjadala: Kipimo cha Popper kinafaa mahakamani?

Ndugu zangu, tukibishana kipi ni sayansi na kipi si sayansi, hakosi mtu wa kusema: "Kisichoweza kukanushwa si sayansi, Popper alishamaliza." Anamaanisha mwanafalsafa Karl Popper, aliyesema dai la kisayansi lazima liwe linaweza kuonyeshwa kwa ushahidi kuwa si kweli. Mimi nasema hakumaliza, na ushahidi wangu ni hukumu ya Arkansas.

Mwaka 1981 jimbo hilo la Marekani lilipitisha sheria kwamba shule za umma zikifundisha nadharia ya mageuko, zifundishe na "sayansi ya uumbaji", yaani maelezo kwamba Mungu ndiye aliyeumba dunia na viumbe, kwa uzito uleule. Shauri likafika kwa Jaji William Overton. Mwanafalsafa Michael Ruse akatoa ushahidi, na Januari 1982 jaji akaibatilisha sheria ile. Katika hukumu alitaja sifa za sayansi, mojawapo ikiwa ni kukanushika. Uamuzi wenyewe naukubali kabisa: sheria ile iliingiza dini katika shule za serikali, jambo ambalo katiba yao inalikataza. Hoja hiyo pekee ilitosha.

Hili la kukanushika ndilo lililoharibu. Larry Laudan, mwanafalsafa ambaye hakuwa mtetezi wa uumbaji hata kidogo, alilipinga mapema. Anayedai dunia ina umri wa miaka elfu chache ametoa dai linalopimika. Limepimwa, limeanguka. Kumwambia kwamba dai lake halipimiki ni kumfungulia mlango wa nyuma, wakati ungeweza kumweleza wazi kuwa amekosea na kumwekea ushahidi mezani.

Tazameni pia historia ya sayansi yenyewe. Sayari ya Uranus ilipokengeuka njia iliyokokotolewa kwa kanuni za Newton, wanaastronomia hawakumtupa Newton. Mfaransa Le Verrier, mmoja wao, alisema ipo sayari isiyojulikana inayoivuta, akakokotoa mahali ilipo, na mwaka 1846 Neptune ikaonekana kutoka Berlin, karibu kabisa na pale alipopataja. Utaridi, sayari iliyo karibu zaidi na jua, nayo ilipoonyesha hitilafu katika njia yake, Le Verrier huyohuyo akadai kuna sayari nyingine karibu na jua. Ikapewa hadi jina, Vulcan. Haikuwepo. Hitilafu ile ilikuja kuelezwa na Einstein mwaka 1915, kwa nadharia mpya kabisa. Mbinu ilikuwa moja, matokeo mawili. Ni jaji gani angeyajua hayo kwa kusoma nadharia tu?

Simshushi Popper. Alizaliwa Vienna mwaka 1902, na akiwa kijana alivutiwa na Ukomunisti kwa muda mfupi. Alikuja kusema kwamba nadharia ya Marx mwanzoni ilipimika. Ilipoanza kupingwa na matukio, wafuasi wakawa wanaitia viraka isianguke. Einstein kwake alikuwa kinyume cha hao, kwa sababu alitaja mapema kiasi ambacho mwanga wa nyota ungepinda karibu na jua, kabla picha za kupatwa kwa jua za Mei 1919 hazijapigwa. Hapo Popper anapima mwenendo wa watu mbele ya ushahidi: wako tayari kuacha wakiona nini? Swali hilo nalipenda sana, lakini huwezi kulifanya muhuri wa kugonga juu ya dai.

Mnaomtetea Overton, nijibuni hili. Sheria ile ilitaja gharika ya dunia nzima kuwa maelezo ya miamba. Dai hilo halipimiki, au limepimwa likashindwa? Kama ni la pili, kwa nini mahakama iseme la kwanza?