Ala ya mbao ya kisu cha jikoni: niache nafasi kiasi gani ndani?

Kaango
Wakuu, nina kisu cha jikoni: bapa sm 18, upana sm 4.5 kwenye kisigino (mwisho wa makali, karibu na mpini), mgongo mm 2. Si stenlesi, kinashika kutu. Ala niliyochonga kwa patasi inaliwa na makali, na kisu kinachomoka ukiiinamisha. Nataka kuirudia. Nina vipande vya mninga na msaji.

Randa Kali
Achana na patasi, tengeneza tabaka tatu. Mbao mbili za pembeni, mm 5 kila moja, na ya kati mm 2.5. Unene wa kisu upime kwenye kisigino, ndipo pana unene kuliko kote, kisha ongeza nusu milimita. Ukiongeza mm 1 kitacheza.

Laza kisu juu ya mbao ya kati, kichore kwa penseli. Upande wa mgongo kata palepale kwenye mstari, upande wa makali toka nje mm 3. Hapo ndipo ulipokosea: kisu kinatakiwa kiegemee mgongo na mabapa, makali yasiguse kitu. Nyuzi za mbao ziende na urefu wa kisu, la sivyo kipande cha kati kitakatika mkononi.

Gundi paka nyembamba na uishie mm 3 kabla ya ukingo wa ndani. Ikivuja ndani inaganda kama punje, na ukishafunga hakuna namna ya kuitoa. Bana usiku kucha.

Mbao Kavu
Chukua mninga, hautanuki wala kusinyaa sana. Msaji una mafuta, gundi haishiki vizuri; ukilazimika, ufute kwa spiriti kisha upake gundi mara moja. Vumbi la mninga linawasha, vaa barakoa unapopiga msasa.

Wajapani hutumia mbao laini ya ho (mti wa jamii ya magnolia), isiyo na utomvu mwingi, na kwa desturi huigundisha kwa wali uliopondwa. Ala ikichafuka ndani unaibandua, unasafisha, unagundisha tena. Gundi ya dukani haikupi nafasi hiyo.

Kaango
Asante wakuu. Na kuchomoka je? Nikipitisha kijiti si kitagonga bapa?

Randa Kali
Kijiti hakipiti kwenye bapa mkuu. Ingiza kisu, weka alama nyuma tu ya kisigino, chini ya shingo (sehemu nyembamba kati ya bapa na mpini). Toa kisu ndipo utoboe mm 5, ukiweka kipande cha mbao chakavu chini ili tundu lisichanike upande wa pili. Kijiti chonga cha mwanzi, chembamba kidogo kwenye ncha, kikaze kwa kidole gumba tu. Ukikigonga kwa nyundo ala inapasuka.

Mbao Kavu
Nje paka mafuta ya kitani. Ndani usipake kitu, hasa vanishi. Na kisu kikiwa na unyevu usikirudishe: tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mbao, ikikutana na chuma chenye maji, asubuhi unakuta madoa meusi kwenye bapa. Kifute, kiache wazi nusu saa.

Kaango
Na mdomo wa ala, niupige msasa?

Randa Kali
Namba 240, kingo za ndani tu, kabla ya kugundisha.