Naomba ushauri: makuti na moto msimu wa kaskazi

Habari zenu wakuu. Nina mabanda ya wageni hapa Paje, Zanzibar, yote yameezekwa makuti, na jiko la kuni liko upande unakotoka upepo. Kaskazi ikivuma, makuti hukauka kabisa. Cheche ikitua banda moja, mengine yanafuata. Jengo kuu la makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi, Kampala, lililoezekwa nyasi, liliteketea usiku mmoja Machi 2010, na hilo halinitoki akilini.

Jiko nitalihamisha na kuliezeka bati, hilo nimeshaamua. Fundi anashauri nipulizie makuti dawa ya kuzuia moto, ila nahofia masika itaiosha. Aliyewahi kuitumia, ilidumu? Au bora mabomba ya kumwagia maji juu ya kipaa, na pampu ya dizeli ili umeme ukikatika isizime? Tafadhali nisaidieni, wageni wanalala humo.