Mount Edelstone 2015: niifungue Jumamosi au niihifadhi?

MwakioMsa
Wakuu, naombeni ushauri. Shemeji yangu anaishi Adelaide, na safari hii ameniletea chupa ya mvinyo mwekundu wa Australia, Henschke Mount Edelstone, shiraz (jina la aina ya zabibu) ya 2015. Anasema ni ya bei na zabibu zake zote zimetoka shamba moja. Jumamosi nina wageni na mbuzi wa kuchoma, na Mombasa joto si mchezo. Niifungue? Na hilo la shamba moja lina maana gani kwa mnywaji?

Nyambura_Adelaide
Ifungue, kaka Mwakio. Imeshakomaa vizuri, na kabati la Mombasa litaiua taratibu ukiiacha humo.

Mimi nauza mvinyo huku, na hiyo ndiyo shiraz niipendayo kuliko zote. Shamba liko Eden Valley, kwenye vilima vya juu ya bonde la Barossa, kama mita 400 kutoka usawa wa bahari. Mizabibu ilipandwa 1912, haimwagiliwi, na imesimama kwa mizizi yake yenyewe, bila kupandikizwa kwenye shina la mzabibu mwingine, kwa kuwa filoksera, mdudu aliyeangamiza mizabibu ya Ulaya karne ya 19, hajawahi kufika Australia Kusini. Cyril Henschke, mtengenezaji wake, alianza kuitoa peke yake mwaka 1952, wakati wenzake wengi walikuwa wakichanganya zabibu za huku na kule. Hata Grange, shiraz nyingine ya Australia yenye jina kubwa zaidi, huchanganywa kutoka maeneo mbalimbali. Sisemi Grange ni mbaya. Ila kwenye Edelstone unakunywa kilima kimoja na mwaka wake, mvua ikiwa haba unaijua.

Siku moja kabla, simamisha chupa ili mashapo yatulie chini. Kwa joto la Mombasa, iweke kwenye friji saa mbili hivi kabla ya kumimina. Nyuzi 16 hadi 18 zinatosha. Ikiwa ya moto utasikia spiriti tu. Imimine polepole kwenye jagi la kioo, iache kama saa moja mahali pa baridi, kisha glasi zijazwe theluthi tu.

Halafu nusa kabla ya kunywa, na usiharakishe. Kwanza zitakuja plamu na zambarau za mwitu zilizoiva. Subiri. Nyuma yake kuna majani makavu yenye harufu ya dawa, na pilipili manga iliyotwangwa sasa hivi. Mdomoni haina uzito wa jemu kama shiraz nyingi za bondeni. Ni laini, ndefu, na ladha inabaki ukiwa umeshameza.

ChefDaudi
Dada, kwa heshima, nimeonja shiraz nyingi hotelini na hiyo pilipili manga sijawahi kuisikia. Si maneno ya wauzaji hayo?

Nyambura_Adelaide
Hapana, Chef, ipo kweli. Watafiti wa mvinyo hapa Adelaide waliitambua mwaka 2008: kemikali yake inaitwa rotundoni, na ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye pilipili manga yenyewe. Hukaa kwenye ganda la zabibu, na mashamba ya baridi huwa nayo zaidi. Katika jaribio lao, kama mtu mmoja kati ya watano hakuweza kuinusa hata ilipozidishwa. Huenda wewe ni mmoja wao, na pua yako haina kosa lolote. Mwakio, waulize wageni wako kila mmoja ananusa nini kabla hujawatajia chochote. Mtabishana, na hiyo ni nusu ya raha yake.

MwakioMsa
Asante sana dada. Na kachumbari yenye pilipili mbuzi je?

Nyambura_Adelaide
Iweke pembeni, wale baadaye. Pilipili kali huufanya mvinyo uchome, na ndimu nyingi huufanya uonekane umepooza. Mbuzi mwenye chumvi na mafuta kidogo anatosha kabisa. Mafuta ndiyo hulainisha ule ukakasi wa mvinyo mwekundu. Anza na paja, mbavu zifuate.