Mrejesho: mji niliouchagua baada ya kuhamishwa kikazi

Asanteni sana wote mlionishauri. Kwa ambao hawakufuatilia: nimehamishiwa eneo nisilolijua, nikauliza kama nikae mji mkubwa ilipo ofisi au mji mdogo wa jirani wenye kodi nafuu, mimi, watoto na mama yangu mzee.

Nimechagua mji mkubwa. Ushauri ulionisaidia kuliko wote ni wa kusafiri kutoka mji mdogo saa ileile ya kwenda kazini, tena siku ya kazi. Mchana barabara ilikuwa nyeupe kabisa. Asubuhi foleni ilianzia darajani na haikusogea. Ukipiga hesabu ya nauli na muda, nafuu ya kodi inaishia njiani.

Nyumba nilizikagua baada ya mvua kubwa. Moja niliyoipenda ilikuwa na alama ya maji ukutani, juu ya soketi, imepakwa rangi mpya lakini bado inaonekana. Wapangaji wa jirani wakanithibitishia kuwa maji huingia.

Kliniki ya mama ni ya kutembea kwa mguu, na hilo ndilo lililomaliza mjadala. Shule bado tunalinganisha. Nimepanga kwa mkataba mfupi. Kununua kiwanja kutasubiri mpaka niuone mji huu misimu yote.