Wazazi wanakataa chanjo ya HPV Matondoni: tuwajibu vipi?

Mhudumu wa jamii, Lamu: Assalamu alaykum. Akina mama huku hawataki binti zao wa miaka 10 wachanjwe. Wanasema itafunga kizazi, tena mtoto bado mdogo. Nianzie wapi?

Muuguzi wa Faza: Waalaykumu salaam, dada. Anzia kwenye umri, hapo ndipo penye mzizi. Chanjo huzuia kirusi cha HPV, kiletacho saratani ya mlango wa kizazi na kuenea kwa kujamiiana, kisiingie mwilini. Haiondoi kilichokwisha kuingia. Ndiyo maana hutolewa miaka 10 hadi 14, kabla ya ndoa. Hata mke aliyejitunza maisha yake yote huweza kuambukizwa na mumewe. Kizazi hakiguswi: ndani mna ganda la protini tu la kirusi, haliwezi kuambukiza. Jelatini ya nguruwe haimo, na hilo liseme kabla hujaulizwa.

Mfamasia: Wengine huzirai kwa hofu ya sindano, na mmoja akianguka shuleni, uvumi unafika hadi kijiji cha Kizingitini siku hiyo hiyo. Wachanjwe wameketi, wabaki kitini dakika 15. Chanjo ikae nyuzi 2 hadi 8. Vibarafu, yaani pakiti za maji yaliyogandishwa za kupozea chanjo, vikitoka friza moja kwa moja hadi kisanduku cha kubebea chanjo, chanjo inaganda na kuharibika. Viacheni nje vitoe jasho, mpaka maji yasikike ndani mkivitikisa.

Mhudumu wa jamii, Lamu: Shukran sana. Na msichana anayeishi na virusi vya UKIMWI?

Muuguzi wa Faza: Huyo dozi moja wanayopewa wengine haimtoshi. Apate mbili kwa uchache, ikiwezekana tatu.