Mjadala: Nchi inayotoa virusi vya mafua ina haki ya kudai chanjo?

Mleta mada

Mapema mwaka 2007, wakati mafua ya ndege ya H5N1 yakiendelea kuua watu Indonesia, nchi hiyo ilisitisha kupeleka sampuli za virusi kwenye mtandao wa maabara wa Shirika la Afya Duniani, ambao tangu mwaka 1952 umekuwa ukifuatilia mabadiliko ya virusi vya mafua ili vichaguliwe vya kutengenezea chanjo. Waziri wa Afya wa wakati huo, Siti Fadilah Supari, alilalamika kwamba sampuli zilitolewa bure, zikafika kwa kampuni, kisha chanjo iliyotokana nazo ikawa ghali mno kwa waliozitoa. Kwangu dai hilo lilikuwa la haki, ingawa njia iliyotumika ilikuwa ya hatari, kwani kila wiki ambayo maabara hazikioni kirusi kipya, chanjo inachelewa kwa wote, Waindonesia wakiwamo.

Mvutano huo ndio uliozaa makubaliano ya mwaka 2011 ya kujiandaa kwa janga la mafua. Kampuni zinazonufaika na mtandao huo wa maabara huchangia fedha kila mwaka, na watengenezaji wa chanjo hutia saini mapema mikataba ya kutenga sehemu ya chanjo zao pindi janga litakapozuka. Neno zito hapo ni "mapema". Aina nyingine ya mafua, H1N1, ilipotangazwa kuwa janga tarehe 11 Juni 2009, nchi tajiri zilikuwa na mikataba yao ya ununuzi, na nyingine zikabaki kusubiri msaada.

Hata hivyo, makubaliano hayo yameacha pengo. Yanabana kirusi chenyewe, kile kinachosafirishwa ndani ya kichupa, ilhali leo mtaalamu anaweza kuanza kubuni chanjo kwa kusoma taarifa za vinasaba kwenye kompyuta, bila kupokea kichupa chochote. Naomba tujadili: je, taarifa hizo zihesabiwe sawa na sampuli?

Mchangiaji

Ndugu mleta mada, hapo sikuungi mkono. Taarifa za vinasaba zina thamani kwa sababu zinasomwa na yeyote, siku ileile zinapotolewa. Tukizifunga kwa masharti, maabara ndogo ndizo zitakazoumia kwanza, maana kampuni kubwa zina wanasheria na wao hawana.

Mleta mada

Hoja yako ya maabara ndogo ni nzito, nami sitaki taarifa zifungwe. Ninachotaka ni wajibu umfuate anayeuza chanjo, wala usimguse anayesoma. Njia hiyo si ngeni: mkataba wa jumla wa majanga ya magonjwa uliopitishwa tarehe 20 Mei 2025 umelenga watengenezaji watakaoshiriki waliachie Shirika la Afya Duniani asilimia 20 ya uzalishaji wao wakati wa janga, na angalau nusu yake iwe msaada. Utaratibu wenyewe wa kugawana virusi, taarifa na manufaa, ambao ndio roho ya mkataba, uliachwa ujadiliwe baadaye katika kiambatisho. Kwa hiyo nakurudishia swali, ndugu yangu: ikiwa muuzaji naye asifungwe na lolote kwa taarifa alizozipata bure, nchi itakayogundua kirusi kijacho itashawishiwa na nini kuzitoa siku ileile?