Mrejesho: Kumtembeza mama Istanbul

Wakuu, niliuliza namna ya kumtembeza mama misikiti ya kale ya Istanbul bila kusukumana na umati. Asanteni sana! Aliyesema tuwahi asubuhi na tukwepe Ijumaa mchana, Mungu ambariki. Msikiti wa Bluu tuliingia bure, bila foleni, mama kajitanda khanga yake.

Hagia Sophia, lile kanisa la kale lililogeuzwa msikiti, mambo hayakwenda vizuri. Tiketi ya mtalii, yuro 25, ni ya roshani ya juu tu, na njia ya kupandia ni mawe matupu. Magoti ya mama yakagoma. Mozaiki (picha ya vipande vidogo ukutani) ya Yesu, Mariamu na Yohana Mbatizaji niliiona peke yangu: sehemu kubwa imebanduka, nyuso zimebaki.

Msikiti wa Süleymaniye mlionishauri, mlipatia kabisa, pametulia. Mwenye mzee aanzie huko, ila achukue teksi, ni mlimani.